Pasaka, Malimbuko na Vibanda: Kuwafundisha Vijana Sikukuu za Biblia kwa Maneno Yetu

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34. Tangu nilipostaafu, kila Jumamosi asubuhi nimekuwa nikiwafundisha vijana wa darasa la Kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri, mkoani Tanga. Ni vijana wa miaka 14 hadi 17, umri ambao mtu huuliza swali si ili ajibiwe bali ili aone kama mwalimu atatetemeka. Katika mada zote za mtaala wetu, iliyonifundisha mimi mwenyewe zaidi ya zote ni ile ya sikukuu za Biblia, zile saba zilizopangwa katika sura ya 23 ya Mambo ya Walawi. Nimeona niwaandikie wapenzi wa lugha habari zake, kwa sababu ugumu wake mwingi, na utamu wake pia, umo katika maneno.

Vijana wengi huingia darasani wakijua sikukuu mbili tu, Krismasi na Pasaka, na kwa wengi wao sikukuu ni pilau, nguo mpya na kupiga picha. Sina ugomvi na pilau. Hata hivyo neno lenyewe huwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Sikukuu ni siku iliyo kuu, na kinachoifanya siku iwe kuu kuliko ndugu zake ni kwamba kuna jambo lililotendeka ambalo watu wamekataa kulisahau. Hapo huwaandikia ubaoni orodha ya saba: Pasaka, Mikate Isiyotiwa Chachu, Malimbuko, Majuma, ambayo kwa Kigiriki ndiyo Pentekoste, Baragumu, Siku ya Upatanisho, na Vibanda. Nne za kwanza ziko katika majira ya kuchipua ya nchi ya Palestina, tatu za mwisho ziko zote katika mwezi wa saba.

Neno la kwanza lenye kuwatatiza ni chachu. Kijana wa leo akisikia chachu hukumbuka redio: vijana ni chachu ya maendeleo, michezo ni chachu ya umoja. Chachu kwake ni sifa. Sasa anaambiwa kwamba Waisraeli waliiondoa chachu nyumbani mwao kwa siku saba kama watu wanaofukuza nyoka. Siku ya somo hilo huja na mabakuli mawili ya unga uliokandwa, moja lina hamira na jingine halina, nikayaweka dirishani penye jua. Kabla ya kipindi kwisha la kwanza limeumka na la pili limelala vilevile. Ndipo tunalichambua neno. Chachu inatokana na kuchacha, kugeuka ukali, kama uchachavyo wali uliolala. Hamira tumeipokea kwa Waarabu, nayo ndilo neno la jikoni. Watu waliotoka Misri usiku hawakuwa na nafasi ya kungoja unga uumke, kwa hiyo mkate bapa ukawa ukumbusho wa haraka ya uhuru. Baadaye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliifanya chachu ya kale kuwa mfano wa uovu unaosambaa kimyakimya.

Lakini siwaachi hapo, kwa maana kijana makini atafika Mambo ya Walawi 23:17 na kukuta kwamba mikate miwili ya sikukuu ya Majuma iliamriwa iokwe pamoja na chachu. Tena Yesu mwenyewe aliufananisha ufalme wa mbinguni na chachu iliyofichwa katika unga. Basi chachu si mbaya wala si njema kwa asili yake. Ni nguvu ndogo inayogeuza donge zima, na swali ni kwamba donge linageuzwa kuwa nini. Redio haikukosea, wala Musa hakukosea.

Mkate bapa hauhitaji maelezo marefu, kwa kuwa kila nyumba inapika chapati. Mboga zenye uchungu nazo zimo bustanini mwetu: mchunga, ambao bibi zetu waliupika kwa nazi ili kuupunguza ukali. Huwaonjesha jani bichi la mchunga. Nyuso zao zinapokunjamana nawaambia kwamba hivyo ndivyo taifa moja lilivyoamua kuufundisha ulimi wa mtoto habari za utumwa, ili hata asiyeweza kusoma akumbuke. Naishia hapo kwa makusudi. Hatuigizi karamu nzima ya Kiyahudi, kwa sababu ambayo nitaieleza mbele.

Malimbuko ni neno ninalolipenda kuliko yote. Kulimbuka ni kula kwa mara ya kwanza mazao ya msimu mpya, na wazee wetu wengi, wa bara na wa pwani, hawakuruhusu mtu alimbuke ovyo. Palikuwa na utaratibu, palikuwa na mkubwa wa kutangulia, palikuwa na shukrani. Mwisraeli naye alipeleka mganda wa kwanza wa shayiri kwa kuhani kabla hajautia mkate wa nafaka mpya kinywani. Sasa Paulo anapomwita Kristo limbuko la waliolala, kijana wa mjini husikia heshima tu, kama cheo. Yule aliyekulia shamba husikia zaidi. Anajua kwamba hindi la kwanza halivunwi kwa sababu ni peke yake. Linavunwa kwa sababu ni la kwanza, na shamba zima liko nyuma yake linakomaa. Ufufuo mmoja siku ya Pasaka ni habari ya shamba zima. Nimewahi kufundisha jambo hilo mbele ya kijana aliyemzika baba yake miezi miwili kabla, na sikuhitaji kuongeza neno.

Hapa huibuka tatizo la majira. Shayiri ya Palestina huiva katika majira ya kuchipua, na ngano hufuata yapata majuma saba baadaye, ndiyo maana Pentekoste, yaani ya hamsini, ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kwetu Tanga Pasaka hutukuta katika masika. Wenzetu wameshika mundu, sisi tumeshika jembe. Nawaambia vijana wasilifiche tatizo hilo bali walitazame, kwa sababu linawafundisha kwamba Biblia ilitokea mahali fulani penye udongo wake na mvua yake. Nao huuliza mara moja kwa nini Pasaka huhama. Wamezoea kuona Idi ikihama, na wanajua kwamba ni habari ya kuandama kwa mwezi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka na kuzunguka majira yote. Wayahudi nao hufuata mwezi, lakini huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka isitoke katika majira yake. Wakristo, tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, waliazimia kuiadhimisha Pasaka siku moja kila mahali, na desturi iliyoshika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira ya kuchipua ya kaskazini. Kwa hesabu ya makanisa ya Magharibi haitangulii Machi 22 wala haichelewi kupita Aprili 25. Vijana hustaajabu kuona kwamba dini tatu zinatazama mwezi mmoja.

Ili waikumbuke orodha niliwatungia beti mbili, nazo huziimba kwa sauti ya kwaya kuliko ninavyopenda:

Ya kwanza ndiyo Pasaka, damu juu ya miimo,
Unga usioumka, hamira haipo humo,
Malimbuko huyaweka, shukurani ya kilimo,
Hamsini zikifika, Majuma ndiyo kikomo.

Mwandamo ule wa saba, baragumu mitaani,
Siku ya kumi ni toba, upatanisho moyoni,
Kisha vibanda, si kuba, vya matawi uwanjani,
Kivuli hiki si haba, mwenye mwili yu njiani.

Mshororo wa mwisho ndio uliozua mjadala mwaka ule ninaotaka kuusimulia. Palikuwa na binti wa miaka 16, msikivu, mwenye mwandiko mzuri. Siku moja alisimama akauliza: “Mwalimu, Biblia inasema sikukuu hizi ni amri ya milele. Mbona sisi hatuzishiki? Nyumbani mama anasema Pasaka ya kanisani ni ya kipagani.” Darasa likanyamaza. Baadaye, peke yetu chini ya mwembe, alinieleza yaliyobaki. Mama yake alikuwa amejiunga na kikundi kinachoshika sikukuu za Walawi na kukataa Pasaka ya makanisa. Baba alibaki usharikani. Tangu hapo wazazi hawakula pamoja siku ya Pasaka, wala ile ya mama, wala ile ya baba. Binti na mdogo wake walikula mara mbili, kila mara wakiwa na mzazi mmoja tu mezani. Aliniuliza ni nani aliye sahihi, nami nikatambua kwamba jibu langu lingebebwa hadi nyumbani kama kuni au kama maji.

Nilimwambia kwamba swali lake lingejibiwa mbele ya wote, kwa kuwa lilikuwa swali la wote. Jumamosi iliyofuata tulisoma Matendo ya Mitume 15, ambamo mitume hawakuwatwika waamini wa mataifa mzigo wa torati yote, na Warumi 14, ambamo mtu aadhimishaye siku na asiyeadhimisha wanatakiwa wasidharauliane. Kisha tukafika Wakolosai 2, ambamo sikukuu na mwandamo wa mwezi na sabato vinaitwa kivuli, na mwili wake ni wa Kristo. Nikawauliza: kivuli ni kitu kibaya? Wakacheka. Katika jua la Tanga la saa 8 mchana hakuna anayekidharau kivuli. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili, lile giza linalofuata umbo la mtu na ule ubaridi tunaoukimbilia chini ya mti. Nikawaambia kwamba kwa Mkristo sikukuu hizi ni vivuli kwa maana zote mbili. Zinaonyesha umbo la yule ajaye, na watu walipumzika chini yake karne nyingi. Aliyefikiwa na mwenye mwili hagombani na kivuli chake.

Wiki mbili baadaye mama mwenyewe alinijia nyumbani. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye Biblia iliyochakaa kwa kusomwa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu ukae.”

“Mwalimu, mtoto anasema unafundisha sikukuu za Bwana. Nimefurahi. Lakini kwa nini basi mnaendelea na Pasaka ya yule mungu wa kike?”

Nilimwomba anieleze habari za mungu huyo. Alikuwa amefundishwa kwamba jina la sikukuu hiyo latokana na mungu wa kike wa makabila ya kale ya Ulaya. Nikamwambia kwamba habari hiyo inahusu jina la Kiingereza, na kwamba aliyeiandika ni mtawa Beda wa Uingereza, katika karne ya 8, akieleza asili ya jina la mwezi fulani katika lugha ya watu wake. Wajerumani wana jina la ukoo huohuo. “Lakini sisi, mama, tunaiitaje?” Akasema, “Pasaka.” Nikamwuliza, “Na ile ya Musa, katika Kutoka sura ya 12, inaitwaje?” Akasita kidogo, akasema, “Pasaka.”

Tulikaa kimya. Wasomaji wa lugha wataelewa uzito wa kimya hicho. Kiebrania husema Pesaki, Kigiriki kikalipokea kwa umbo la Paska, Wafaransa na Waitalia wakarithi, nasi pia. Waliotafsiri Biblia yetu hawakutafuta jina jipya kwa sikukuu ya Kikristo. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili, tofauti na mtoto wa Kiingereza, husikia neno moja katika kitabu cha Kutoka na katika Injili, na huunganisha pasipo kufundishwa. Mama yule alikuwa amebeba ugomvi uliozaliwa katika lugha ya watu wengine, akauingiza katika nyumba ambayo lugha yake haikuwa nao.

Sikumshinda, wala sikukusudia kumshinda. Tarehe alikuwa bado nayo, siku ya 14 ya Nisani, na juu ya hilo alikuwa na hoja ambayo Wakristo wa Asia Ndogo waliishikilia katika karne ya 2. Nilimwambia hivyo, kwa kuwa ni kweli. Aliondoka bila kuahidi kitu.

Somo lililofuata lilikuwa la Siku ya Upatanisho. Hapo nafundisha kama nilivyofundisha sarufi maisha yangu yote. Tunaanza na pata. Mtu mmoja hupata. Tukiongeza kauli ya kutendana tunapata patana, na sasa wanahitajika wawili. Tukiongeza kauli ya kusababisha tunapata patanisha, na sasa anahitajika wa tatu, anayesimama kati. Kutoka hapo huja mpatanishi na upatanisho. Katika Walawi 16 wa tatu huyo ni kuhani mkuu, aingiaye mahali patakatifu mara moja kwa mwaka, na kuna mbuzi wawili, mmoja huchinjwa na mwingine hupelekwa jangwani kwa Azazeli. Waraka kwa Waebrania husema kwamba Kristo aliingia mara moja tu, ikatosha. Nikawaeleza pia kwamba Wayahudi hufunga siku hiyo bila chakula wala maji tangu jua kutua hadi usiku wa pili yake, na kwamba walimu wao wa kale walifundisha kuwa siku hiyo haiondoi kosa alilomtendea mtu mwenziwe mpaka kwanza amtake radhi. Yesu alisema jambo la jamaa hiyo juu ya mtu aliyepeleka sadaka madhabahuni akakumbuka ugomvi na nduguye.

Binti yule hakuuliza kitu siku hiyo. Aliandika tu. Miezi kadhaa baadaye, Pasaka ilipokaribia, alinieleza kwamba amewaomba wazazi wake kitu kimoja: usiku wa mama na Jumapili ya baba, wote wanne wakae mezani, hata asiyekubali siku ile akae kama mgeni. Usiku wa mama walikula chapati na mchunga. Jumapili walikula pilau. Baba hakubadili kanisa, mama hakubadili kikundi. Siku ya Kipaimara cha binti, mama aliingia akaketi benchi la nyuma kabisa, akatoka kabla ya tarumbeta kunyamaza. Hiyo ndiyo habari yote, na siiongezei.

Nilisema nitaeleza kwa nini hatuigizi karamu ya Kiyahudi. Ni kwa sababu sikukuu hizi zina wenyewe, nao wako hai. Ulaya ya zama za kati iliona mara nyingi Wakristo wakitoka katika ibada za Juma Takatifu na kuwashambulia majirani zao Wayahudi. Wala wenyewe si watu wa mbali tu. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Waliendelea kuzishika sikukuu hizi hata walipokatazwa ibada zao chini ya Idi Amin. Nataka kijana wangu ajue kwamba Mkristo amealikwa katika sikukuu hizi kupitia Kristo, na mgeni mwenye adabu hahamishi vyombo vya mwenye nyumba.

Baragumu huwapa vijana nafasi ya kupiga kelele, nami huwaachia. Kwa Waebrania lilikuwa pembe ya kondoo dume. Sisi tuna pembe zetu, na Lamu na Pate wana siwa zao maarufu, moja ya shaba na moja ya pembe ya ndovu, zilizopigwa katika mambo makubwa tu. Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952 ina utajiri wa ziada: pembe ya Walawi ni baragumu, lakini ile ya siku ya mwisho katika nyaraka za Paulo ni parapanda, neno ambalo jirani zetu Waislamu pia hulitumia kwa siku hiyohiyo.

Kuhusu Vibanda, kijana wa leo hufikiri kwanza kibanda cha kuuzia vocha au chipsi. Namwambia amwulize babu yake habari za dungu, lile jukwaa la miti ambalo mtu alilala shambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Waisraeli wenye nyumba za mawe waliamriwa kutoka na kukaa siku saba chini ya matawi, tena wakati ghala zimejaa, ili shibe isiwasahaulishe jangwa. Mwinjili Yohana, anaponena juu ya Neno kufanyika mwili, anatumia kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kupiga hema. Mungu naye alitoka akakaa kibandani.

Nawauliza basi wasomaji, hasa walimu wenzangu: kwenu kulimbuka hufanywaje, na nani hutangulia? Maneno haya yako karibu kufa vinywani mwa vijana, na likifa neno malimbuko, sehemu ya habari ya Pasaka itawabidi waipokee kwa maelezo badala ya kuijua kwa kinywa.